Menyu ya DVD ya harusi inayochezacheza: anza na rimoti, After Effects ije baadaye

Wadau habari za kazi. Kuna watu wananiuliza sana hii kitu, hasa sa hivi tunaelekea Desemba ambapo kila mtu anapanda kwao Rombo, Machame, Marangu na harusi zinafuatana kama noah za stendi, kwaiyo nimeona niandike yote mara moja, mtu akiuliza namwambia soma. Mimi naediti Arusha, kiofisi changu kiko Ngarenaro, kichumba kimoja chenye kompyuta mbili na UPS inayopiga kelele kuliko MC, na kazi zangu nyingi ni harusi, sendofu na vipaimara vya huku Arusha na Moshi.

Najua mtaniambia DVD imekufa. Mjini ni kweli, watu wanataka flashi na linki ya kutumiana WhatsApp, hata laptopu yangu haina sehemu ya kuweka CD, nachomea kwenye mashine ya nje. Ila subiri bwana harusi akwambie "kaka nataka na za wazee kule nyumbani, kopi nne" ndo utajua deki bado zipo, zimefunikwa kitambaa cha kufuma juu ya kabati la TV, na zinapiga kazi. Alafu flashi ukiichomeka kwenye TV inakupa orodha ya mafaili tu, video ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi. Ile menyu unayowasha mlima unatokea, mawingu yanatembea, majina ya maharusi yanaingia taratibu, unabonyeza "Ndafu" unapelekwa moja kwa moja kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, hiyo flashi haikupi.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu anaanza nalo, na mimi nimelifanya muda mrefu tu, ni kufungua After Effects kwanza, ile softiwea ya kuchezesha maandishi na picha. Unadownload tempuleti ina vumbi la dhahabu, ina mwanga unapita, unaweka majina, unajiona fundi, ukija kuweka batani unakuta hazina pa kukaa. Kwaiyo zima kompyuta, chukua karatasi na peni, na kama una rimoti ya deki iweke mezani hapo uiangalie. Ina mishale minne, ina OK, ina Menu. Hakuna mausi, hakuna kugusa kioo kwa kidole. Kila kitu utakachobuni kitaendeshwa na hiyo mishale minne na mtu ambaye pengine miwani yake hajui ameiweka wapi.

Chora viboksi. Menyu kuu mimi huwa naweka batani tatu tu, Tazama yote, Chagua sehemu, na Picha. Alafu ukurasa wa sehemu. Harusi ya huku kwetu inajulikana inavyoenda, kuna maandalizi ya bibi harusi, kanisani, tarumbeta barabarani, kupiga picha, kuingia ukumbini, keki, ndafu, zawadi, alafu mziki mpaka wenye ukumbi wazime taa. Hizo tayari ni tisa. DVD inakuruhusu mpaka batani 36 kwenye menyu ya 4:3 na 18 kwenye ile pana ya 16:9, lakini kuruhusiwa sio kulazimishwa, kwenye TV ya inchi 21 ukizidisha sita kwa ukurasa maandishi yanakuwa kama ya kwenye boksi la dawa. Weka sita, mistari miwili ya tatu tatu, zinazobaki peleka ukurasa wa pili pamoja na batani ya kurudi.

Alafu kwenye kila kiboksi chora mishale: nikiwa hapa nikibonyeza kulia naenda wapi, chini naenda wapi. Usicheke, hii ndo kazi yenyewe. Softiwea za kuunganisha DVD zinaweza kukupangia njia zenyewe ila zinabahatisha, unaweza kukuta mtu yuko kwenye Keki anabonyeza chini anatua kwenye Kanisani. Mimi kulia ya batani ya tatu naipeleka ya nne, mtu akibonyeza kulia kulia kulia anapita zote bila kufikiria. Ila ya mwisho siirudishi ya kwanza, naiacha isimame hapo hapo, kwasababu wazee wakijikuta wameruka kutoka mwisho hadi mwanzo wanadhani wameharibu kitu na wanamwita mjukuu.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho usipokielewa utateseka. Kwenye menyu ya DVD kuna vitu viwili tofauti kabisa vimelaliana. Chini kuna video ya kawaida, MPEG-2, hii inaweza kufanya chochote, kutembea, kuzunguka, kuwaka. Juu yake kuna leya nyembamba inayobeba ile rangi ya kuonyesha umesimama kwenye batani gani, ngoja tuiite hailaiti. Hailaiti ni maskini sana, ina rangi nne tu, na moja kawaida unaitumia kuwa uwazi kwaiyo zinabaki tatu, na uwazi wenyewe unaenda kwa ngazi 16 tu. Haina kivuli laini, haina kung'aa, kingo zake zinakuja na meno kama msumeno. Na kubwa kuliko yote, HAISOGEI. Imekaa pale ulipoichora, inabadilika rangi tu ukifika na ukibonyeza.

Maana yake ni kwamba kama umemfanya neno "Kanisani" aelee kushoto kulia muda wote, hailaiti itabaki imesimama peke yake kama mtu aliyeachwa na gari. Kwaiyo sheria ni moja, batani zinaruhusiwa kutembea wakati wa kuingia, zikishafika zinatulia kabisa, kinachoendelea kuchezacheza ni vitu vingine, mawingu, maua, kitambaa, na video ndogo ndani ya vifremu vya sehemu, ambavyo vifremu vyenyewe havisogei ila ndani yake watu wanatembea. Na hailaiti yenyewe usiichore kwa madoido, mstari mnene chini ya neno au nukta pembeni inatosha, yale meno ya msumeno hayaonekani kwenye mstari ulionyooka. Ukichora duara au moyo yataonekana mpaka na bibi wa jirani.

Kuna siku nilipeleka kazi Kibosho mwenyewe, mama wa bwana harusi akasema tuweke tuangalie wote. Ile menyu nilikuwa nimeipenda sana, intro sekunde 20, drone inapita juu ya migomba, majina yanajiandika herufi moja moja. Mama akashika rimoti akabonyeza OK. Kimya. Akabonyeza tena. Akabonyeza kama mara kumi, alafu akanigeukia akasema mwanangu hii imekataa. Haikuwa imekataa, batani zilikuwa bado hazijaamka kwasababu nilipanga ziamke intro ikiisha. Na kila akirudi kwenye menyu, zile sekunde 20 zinaanza upya. Nilikunywa chai pale lakini haikushuka vizuri. Tangu siku hiyo intro yangu haizidi sekunde 5.

Haya, washa kompyuta. Kwa After Effects tengeneza kompozisheni (ubao wa kazi) ya PAL pana, PAL ni mfumo wa TV za huku, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, ile iliyoandikwa PAL D1/DV Widescreen. Usitengeneze 1920 kwa 1080 ukategemea kuipunguza mwishoni, maandishi membamba yatakufa na hutajua mpaka umeshachoma. Angalia pikseli za DVD, hazina umbo la mraba, kwenye 16:9 zimevutwa pembeni. Kama unachora kitu Photoshop kwa pikseli za kawaida chora 1050 kwa 576 alafu ndo uingize. Mimi kuna kazi nilichora 720 kwa 576 kwa pikseli za kawaida nikaingiza hivyo hivyo, pete mbili za maharusi zikawa mayai mawili, na mtu wa kwanza kuona alikuwa ni bibi harusi.

Washa ile mistari ya eneo salama. Maandishi na batani zote ziishi ndani ya asilimia 80 ya katikati, TV za mgongo zinakata pembeni na kila moja inakata kivyake. Na mistari, usiweke mstari wa pikseli moja, kwenye hizo TV unatetemeka mpaka macho yanauma, anzia pikseli tatu kwenda juu. Rangi pia, kamati wakishachagua maruni na dhahabu basi watataka maruni na dhahabu hadi kwenye menyu, sawa wape, ila nyekundu kali inachuruzika pembeni ya herufi kwenye TV za zamani, ishushe kidogo ukali, na maandishi yaweke kwenye hiyo dhahabu sio kwenye nyekundu.

Sasa lupu. Hapa ndo watu wanaonekana kama ni mafundi au wanabahatisha. Menyu inacheza intro mara moja, alafu kipande kinachobaki kinajirudia milele mpaka mtu abonyeze, na kama wameenda kupakua chakula kitajirudia mara mia, kwaiyo ikiwa kuna mruko watauona mara mia. Mpango wangu ni huu: intro sekunde 5, yaani fremu 125, lupu sekunde 20, fremu 500, jumla fremu 625. Ikifika mwisho inarudi fremu ya 125, sio ya 0. Kwaiyo hali ya kila kitu kwenye fremu ya 625 lazima ifanane kabisa na fremu ya 125. Ila fremu zinahesabiwa kuanzia 0 eeh, usirende (usiitoe kwenye video ya mwisho) hiyo ya 625, ishia 624, la sivyo fremu moja itaonekana mara mbili na jicho linaikamata, kama kigugumizi hivi.

Kingine, mwendo unaopita kwenye kiungo cha lupu usiulainishe kwa F9 (ile Easy Ease, kitu kinaanza na kusimama taratibu). F9 ni tamu kwa vitu vinavyoingia na kusimama, majina, batani, vifremu. Ila kama una kitu kinachozunguka mfululizo ukakilainisha, kikifika mwisho kinapunguza mwendo, kinasimama, kinaanza tena, utaona kama menyu inahema. Hivyo acha iwe mstari mnyoofu, na kama ni kuzunguka hakikisha ndani ya zile sekunde 20 kinamaliza mizunguko kamili, mmoja au miwili, sio mmoja na nusu.

Kwa vitu vya kuyumbayumba kama maua ya pembeni, watu wanakimbilia wiggle, ile ekspresheni ya kutikisa vitu. Wiggle ni ya bahati nasibu, mwisho haufanani na mwanzo, itaruka. Tumia sine, kwenye Rotation ya ua bonyeza ile saa ukiwa umeshika Alt, alafu andika

Math.sin((time-5)*2*Math.PI/5)*3

Hapo ua linayumba digrii 3 kila upande, linamaliza yumbo moja kila sekunde 5, kwaiyo ndani ya 20 ni mayumbo manne kamili na linarudi lilipoanzia. Ile 5 ya mwisho unaweza kuweka 4 au 10, ili mradi 20 igawanyike nayo bila baki. Maua mengine mpe 4 mengine 5 yasiyumbe pamoja kama kwaya. Kama unatumia Fractal Noise kutengeneza ukungu, kwenye Evolution Options kuna kitiki cha Cycle Evolution, washa, weka idadi ya mizunguko, alafu Evolution yenyewe kati ya fremu ya 125 na ya 625 itembee idadi hiyo hiyo kamili. Chembechembe za dhahabu za plagini ni ngumu kuzifanya zirudi, zenyewe zifanyie ujanja wa mawingu ninaoueleza hapa chini.

Mawingu bwana. Huku tuna bahati, ukiwa Moshi amka mapema kabla saa mbili asubuhi, Kibo iko wazi, weka tripodi juu ya paa la mtu, piga taimulapsi, baadaye mawingu yanafunika na hutaona kitu mpaka jioni. Wa Arusha tuna Meru, hatulalamiki. Ukishapata klipu, haina lupu yenyewe, mawingu hayajui kurudi. Fanya hivi: chukua klipu ya sekunde 22, ikate katikati, una kipande A cha sekunde 11 za kwanza na B cha 11 za mwisho. Weka B KWANZA, alafu A iifuate, ila A ianze sekunde 2 kabla B haijaisha na uifanye itokee taratibu juu yake. Jumla unapata sekunde 20. Angalia kilichotokea, mwanzo wa B ni pale ulipokata, mwisho wa A ni pale pale ulipokata, kwaiyo A ikiisha ikarudi B ni klipu inayoendelea kawaida kabisa, hakuna kiungo. Kiungo umekihamishia katikati na umekifunika na zile sekunde mbili za kuchanganya, na mawingu yakichanganyika na mawingu nani atajua. Na intro? Chini ya zile sekunde 5 za intro weka sekunde 5 za mwisho za A, inaungana na B yenyewe. Mimi siku nilipolielewa hili nilicheka peke yangu ofisini, miaka yote nilikuwa narudisha klipu kinyumenyume na mawingu yanaenda yanarudi kama mtu aliyesahau funguo.

Majina ya maharusi usiyachoshe. Yaingie ndani ya sekunde 3, moja baada ya jingine, F9, yatulie. Zingatia tahajia, jina la ukoo la Kichagga likikosewa herufi moja ni kesi, muombe mwenyekiti wa kamati akutumie kadi ya mwaliko unakili kutoka hapo. Kila kinachoingia kiwe kimetulia kabla ya fremu ya 125.

Vifremu vya sehemu, chagua vipande vyenye mwendo unaoeleweka hata vikiwa vidogo. Ndafu ikiingia na watu wanacheza, inasomeka. Kanisani pete inavishwa, inasomeka kama umeikata karibu. Hotuba ya mjomba haisomeki, ni mtu kasimama na maiki. Kila kipande sekunde 20, na hapa usihangaike na ujanja wa A na B, weka tu mwanzoni na mwishoni kififie kidogo kwenda kwenye rangi ya bakigraundi, kwenye kiboksi kidogo inapendeza hata.

Sauti ina kaugonjwa kake. Deki nyingi zikifika mwisho wa lupu zinashtuka kidogo kabla ya kurudi, hiyo ni deki inatafuta pa kusoma, hata ufanye nini haiondoki. Picha inavumilika ila mziki ukikatika katikati ya mdundo kila mtu anasikia. Tafuta kipande ambacho sekunde 20 ni baa kamili, kwa mfano mwendo wa midundo 96 kwa dakika baa ya midundo minne ni sekunde 2 na nusu, kwaiyo sekunde 20 ni baa nane kamili, alafu baa ya mwisho iache ife yenyewe taratibu mpaka kimya. Deki ishtuke kwenye kimya. Mimi siweki wimbo wa msanii kwenye menyu, natumia tarumbeta zilizorekodiwa siku hiyo hiyo juu ya pikapu, wazee wakisikia tu wanaanza kutikisa mabega, alafu hakudai mtu. Sauti iwe 48 kHz, ukiweka 44.1 ya kwenye mp3 ibadilishe kabla.

Kama unataka ile ya mtu akibonyeza "Chagua sehemu" menyu igeuke kwa mwendo, inawezekana ila ni ujanja, DVD haigeuzi chochote. Unarenda kijivideo cha sekunde moja, fremu yake ya kwanza inafanana na menyu kuu na ya mwisho inafanana na mwanzo wa menyu ya sehemu, batani inapeleka kwenye hicho kijivideo, na kikiisha kinapeleka kwenye menyu ya sehemu. Kwakuwa menyu kuu iko kwenye lupu huwezi kujua mtu atabonyeza mawingu yakiwa wapi, kwaiyo anza kwa kitu kinachofunika kioo haraka, kitambaa cha maruni kinapita kwa mfano. Sekunde moja isizidi. Na kijivideo cha kurudi nyuma usiweke kabisa, mtu anayerudi kashachoka.

Narenda faili zito lisilopunguza ubora, bila fildi, alafu ugeuzaji wa MPEG-2 naiachia softiwea ya kuunganisha. Ikikatika umeme katikati ya kurenda utanikumbuka, kama una zaidi ya dakika kumi za kurenda toa kama mfululizo wa picha, umeme ukirudi unaendelea ulipoishia badala ya kuanza upya. UPS yangu ina dakika saba.

Kuunganisha natumia Encore, ndio, ile ya zamani, Adobe waliishia CS6 ya 2012 na hawakuendelea nayo, ila kazi inafanya. Kwenye Photoshop tengeneza faili la batani peke yake, kila batani ni kundi la leya ambalo jina lake linaanza na (+), na ndani yake ile leya ya hailaiti jina lake linaanza na (=1). Rangi ya pili (=2), ya tatu (=3), ila moja inatosha. Leya ya hailaiti iwe rangi moja bapa, bila kivuli bila kulainisha kingo. Maandishi yenyewe usiyaweke huku, yako tayari kwenye video ya After Effects, na hakikisha huna leya ya bakigraundi iliyowashwa maana itaifunika video yote utabaki unajiuliza mlima umeenda wapi. Alafu kwenye Motion unachagua video, sauti, Loop # unaweka Forever, na Loop Point unaweka sekunde ya 5. Hiyo Loop Point ndo inafanya kazi mbili, ndo pale batani zinapoamka na ndo pale lupu inaporudi. Ukiisahau kwenye 0 intro itajirudia kila mara na majina yatakuwa yanaingia kama wageni wasioisha.

Usiye na Encore kuna DVDStyler, ni ya bure, inakubali video kwenye bakigraundi ya menyu, haina mambo mengi ila kwa menyu rahisi inatosha, na animesheni unaweza kuifanya kwenye Blender au DaVinci Resolve ambazo nazo bure zipo. Hesabu za lupu ni zile zile.

Nafasi ya diski iangalie mapema. Diski ya kawaida ni GB 4.7. Lupu ya sekunde 25 kwa megabiti 8 kwa sekunde ni kama MB 25 tu, menyu haili nafasi, inayokula ni harusi yenyewe. Saa mbili unapata karibu megabiti 5 kwa sekunde ukijumlisha na sauti, saa tatu unashuka karibu 3 na nusu na hapo watu wakianza kucheza picha inakuwa viboksi viboksi. Harusi za huku hotuba peke yake ni dakika 40. Ongea na mteja, diski mbili au kata hotuba. Watachagua diski mbili.

Mambo madogo ya mwisho kabla hujachoma: diski ikiwekwa ianzie menyu kuu, batani ya kwanza kusimama iwe Tazama yote, kitufe cha Menu cha rimoti kirudishe menyu kuu kutoka popote, na sehemu ikiisha iendelee na inayofuata mpaka mwisho wa harusi ndo irudi menyu. Usizuie mtu kuruka kitu, kuna maedita wanafunga rimoti wakati wa nembo ya studio yao, huo ni ushamba.

Choma kwanza kwenye diski ya kufutika. Kuicheki kwenye kompyuta tu haitoshi, kompyuta inasamehe mambo ambayo deki haisamehi, mimi nina deki moja ya bei chee niliinunua imetumika Kilombero na TV ya mgongo, ziko pale ofisini kwa kazi hiyo tu. Nabonyeza kila mshale kwenye kila batani, mpaka ile ya kubonyeza juu ukiwa tayari juu. Naiacha menyu inajirudia nikienda kula, nikirudi naangalia kama nimeichukia.

Alafu namwita dada wa stationary mlango wa pili, hajui chochote kuhusu DVD na hataki kujua. Nampa rimoti, namwambia dada naomba nitafutie ndafu, simwambii kitu kingine, nasimama nyuma yake mikono mfukoni. Akiniangalia kuuliza "kaka nabonyeza wapi" narudi kwenye karatasi. Akifika kwenye ndafu mwenyewe, nachoma kopi nne.